Pini ya Tundu la Kati

Vijana wenzangu wa pale ufukweni, siku niliyorudisha funguo za banda mliniomba niwaandikie namna ya kuisawazisha boti katika maji ya kila aina, kwa kuwa mlisema mimi najua. Nimekaa na ombi hilo mwezi mzima hapa nyumbani Kombani. Kila nikianza naona ninayoyajua hayajazi ukurasa, na nisiyoyajua ni mengi, na moja katika hayo ndilo lililonishikisha kalamu. Nitaanza siku ya kwanza, maana nikianzia penginepo nitalikwepa.

Mimi si mtoto wa bahari. Baba yangu alilima mihogo karibu na Matuga, na bahari kwetu ilikuwa kitu cha kuonekana kwa mbali ukiwa juu ya mnazi. Nilisoma hadi kidato cha nne. Uhuru ulipokuja tuliambiwa wenye vyeti watakaa maofisini, lakini ofisi za Matuga zilikuwa na viti vichache kuliko vyeti. Mjomba wangu akanipatia kazi katika hoteli moja ya Diani, niandike majina ya wageni wanaokwenda baharini na saa waliyorudi. Baada ya miezi miwili msaidizi wa nahodha aliacha kazi, na meneja, Mzungu mmoja mwenye haraka, akasema mimi nasoma Kiingereza, basi nisome kitabu cha mashine na nipande botini. Hivyo ndivyo nilivyoingia baharini: kwa kusoma.

Nahodha wetu aliitwa Mwinyi, mtu wa Msambweni, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa ameendesha vyombo vya matanga kabla ya mashine kuja, na mashine aliichukulia kama mkwe: kwa heshima na bila kuiamini.

"Shikamoo, Nahodha," nilimwamkia asubuhi ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiwe msomi?"

"Nimesoma kidogo."

"Mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

Akaitazama bahari, kisha akanitazama mimi. "Na hii iko kidato cha ngapi?"

Mutua, fundi wa mashine, alicheka mpaka akaangusha spana mchangani. Huyu alikuwa Mkamba aliyetoka Samburu, alikokuwa akitengeneza malori ya njia kuu, na bahari aliiogopa kuliko mimi ila hakusema. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Daftari, kwa kuwa nilitembea na daftari mfukoni.

Mashine za siku zile hazikuwa na kitufe cha kusawazisha kama zenu. Mashine ilishikwa kwenye ubao wa nyuma wa boti kwa chuma chenye matundu matano, na katika tundu mojawapo ilipita pini ya unene wa kidole. Mguu wa mashine, ule unaozama majini na pangaboi lake, uliegemea pini hiyo. Ukiitia tundu la kwanza, lililo karibu na ubao, mguu uliingia chini ya boti. Ukiitia la tano, mguu ulitoka nje nyuma. Kuihamisha ilikubidi usimamishe boti, uinue mashine, uchomoe pini na kuitia kwingine, mikono imelowa na boti inayumba. Pini ikikuponyoka imekwenda. Nilipoteza mbili mwezi wa kwanza. Ya tatu Mutua aliichonga kutokana na msumari mkubwa wa reli, akaniambia hiyo ikizama niifuate.

Kitabu cha mashine kilisema, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba tundu lichaguliwe kulingana na mzigo na hali ya maji. Kilikoma hapo. Niligeuza ukurasa nikidhani jibu liko upande wa pili, nikakuta picha ya namna ya kusafisha plagi.

Nikaamua kujaribu mwenyewe na kuandika. Maji ya ndani ya mwamba yalikuwa shwari. Tundu la tano: omo, yaani mbele ya boti, ikainuka, ikaanguka, ikainuka tena, tukaenda kama chura. Tundu la kwanza: omo ikainama, ikalima maji, nikalowa mpaka kofia, na usukani ukawa mzito unanivuta upande mmoja. Tundu la tatu: vizuri. Nikaandika, "Tatu ndilo sahihi," nikapiga mstari chini yake. Siku ya pili upepo ukapanda na viwimbi vifupi vikaja. La tatu likatupigapiga kifua. Nikatia la pili, boti ikakata maji kama mkasi. Nikafuta la tatu, nikaandika la pili. Kisha nikageuza boti kurudi, na boti ile ile ikaanza kuyumba kama mlevi na kutaka kulala ubavu.

Nilimwendea Mwinyi nimechanganyikiwa. "Nahodha, maji ni yale yale, tundu ni lile lile, dakika kumi hazijapita."

"Si yale yale," akasema. "Ulikuwa ukikutana nayo. Sasa yanakufuata. Mtu ukikutana naye njiani na mtu akikufuata njiani ni sawasawa?"

"Si sawa."

"Basi andika hilo."

Nikaliandika, na leo nawapa nyinyi: mawimbi ya mbele yanataka omo iiname kidogo iyakate, mawimbi ya nyuma yanataka omo iinuke, isije ikazama kwenye bonde la wimbi huku tezi, yaani nyuma ya boti, inasukumwa. Lakini msidhani mkishalijua hilo mmemaliza. Mzigo hubadilika, petroli hupungua tangini, mgeni huhamia upande wenye kivuli. Nimeendesha boti zaidi ya miaka thelathini, na kuna siku nilirudi ufukweni nisijue kwa nini ilitulia.

Mwinyi mwenyewe pini hakuigusa. Aliiacha tundu la kati mwaka mzima, na boti aliisawazisha kwa watu, kama walivyofanya katika vyombo vya tanga. Akikaa usukanini alikuwa amefumba macho nusu. Nilimwuliza anatazama nini. "Sitazami," akasema. "Nasikiliza kwa makalio." Tena hakuwa anafanya mzaha. Alisema mtetemo wa ubao ukipanda hadi kiunoni, omo imezidi kuwa juu. Ukibaki mapajani, iko sawa. Mimi nilikaa pale kwa miezi makalio yangu yasiniambie kitu.

Tatizo la kusawazisha kwa watu ni kwamba watu wenyewe ni wageni wa hoteli. "Gunia unalivuta," aliniambia. "Mgeni huwezi kumvuta. Mwoneshe kitu." Siku hiyo tulikuwa tukienda nje kupitia mlangoni, yaani pale mwamba unapokatika na maji makubwa kuingia, na omo ilikuwa imepanda mno. Mwinyi akanyoosha mkono mbele, akasema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba kuna pomboo. Wageni wanne wakakimbilia omo na kamera zao. Boti ikatulia, tukapita mlango kama tunapita uani.

"Pomboo wako wapi?" nikamnong'oneza.

"Wamezama."

Wakati wa kurudi, mawimbi yalipokuwa nyuma yetu, aliwaonesha kasa upande wa tezi, wakaja wote nyuma. "Ukipata mgeni mnene," alinieleza, "huna haja ya matundu matano. Huyo ndiye pini." Mama mmoja wa Kizungu aliyekuja miaka mitatu mfululizo alimwambia meneja hajapata kuona nahodha mwenye macho makali kama yule.

Nilipopewa boti niiendeshe peke yangu ndani ya mwamba, Mwinyi alinipa sharti moja. Mimi nilikuwa mtu wa matundu, nikihamisha pini mara tatu kwa siku na kuandika. Hakunikataza. "Lakini ukishuka," akasema, "pini irudi kati. Mtu akiazima jembe hulirudisha lilipokuwa. Mimi nikipanda nataka kukuta kati." Sharti hilo nililishika. Nasema nililishika, na ziko siku mia moja ninazoweza kuapia. Iko moja nisiyoweza.

Ilikuwa Ijumaa, upepo wa kusi umekaza. Asubuhi niliwatoa wageni wawili kutazama samaki ndani ya mwamba, na kwa sababu ya viwimbi niliitia pini tundu la kwanza. Tulichelewa. Nilipofika ufukweni adhuhuri ilikuwa inakaribia, na msikiti tuliokuwa tukiswali ulikuwa mbali kidogo, njia ya Ukunda. Niliifunga boti, nikashusha vitu vya wageni, nikatawadha, nikaenda kwa miguu nikikimbiakimbia.

Khatibu alikuwa kwenye khutba ya pili niliposhtuka: pini. Nikajaribu kukumbuka. Niliona mkono wangu ukiinua mashine na kuitia pini tundu la kati. Nikaona pia mkono wangu ukifunga kamba na mwili wangu ukiruka mchangani bila kugeuka nyuma. Vyote viwili niliviona wazi, kila kimoja na mwanga wake. Mwinyi alikuwa safu ya mbele yangu, naona kisogo chake.

Tulipotoka alikuwa tayari ameshika baiskeli yake.

"Kuna wageni wawili wananingoja, nawatoa nje ya mwamba," akasema. "Boti i tayari?"

Palikuwa na wazee pembeni, wanavaa viatu. Ningesema, "Nahodha, itazame pini, sina hakika." Maneno machache tu. Lakini mimi nilikuwa msomi, Bwana Daftari, na kusema mbele ya wazee wale kwamba sijui nilichofanya kwa mikono yangu saa moja iliyopita kulinishinda.

"I tayari, Nahodha."

Akapanda baiskeli. Nikajiambia nitatembea upesi nifike kabla hajaishusha boti. Mwenye miguu hafiki kabla ya mwenye baiskeli, na hilo nililijua pia.

Nilipofika ufukweni walikuwa wanaingia mlangoni, wakipanda mawimbi ya mbele vizuri sana. Hilo halikunipa amani, kwa sababu tundu la kwanza ndilo zuri kwa mawimbi ya mbele. Nilikaa mchangani nikingoja warudi. Mutua alikuja akaniuliza mbona nimekaa kama mjane. Nikaendelea kuutazama mlango.

Walirudi baada ya saa moja hivi. Mawimbi mawili ya kwanza yaliwapita. La tatu liliinua tezi, na omo ikainama kama mbuzi anayekunywa maji, ila haikuinuka. Boti ikageuka ubavu, ikapinduka. Mashine ililia juu ya maji, pangaboi likisaga hewa, kisha ikanyamaza. Maji yalikuwa yametoka, na wachokoa pweza walikuwa juu ya mwamba na vijiti vyao. Hao ndio waliowavuta. Mgeni mmoja alivunjika mtulinga, mfupa wa bega, mwingine alipona. Mwinyi alibanwa mkono wa kulia kati ya mashine na mwamba, vidole viwili vikavunjika na havikunyooka tena.

Niliwasindikiza hospitalini. Niliporudi, jambo la kwanza nilikimbilia bandani. Mashine iliyokunywa maji ya chumvi haingoji; Mutua alikuwa ameshaing'oa, ameilaza juu ya magunia, na pini imo ndani ya kopo la mafuta ya taa pamoja na skrubu, inang'aa.

"Ilikuwa tundu la ngapi?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naokoa mashine," akasema, "si kuandika daftari." Kisha akanitazama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Kesho yake Mwinyi alikuja bandani, mkono umefungwa kitambaa cheupe, akakaa juu ya pipa. Hakuwa na hasira. Nami nikiikumbuka siku hiyo naona laiti angekuwa nayo.

"Salimu, mwanangu. Jana nilihisi omo nzito. Tangu kwenda nilihisi, nikadhani ni wageni wamekaa mbele. Nimelala nikiwaza. Wewe uliporudi, pini uliitia kati?"

Nilikuwa bado na zile picha mbili. Hakuna iliyokuwa imefifia.

"Niliitia kati," nikasema.

"Kati."

"Kati, Nahodha."

Akatikisa kichwa polepole, akaitazama ile mikono yake. "Basi ni mkono wangu," akasema.

Alimwendea meneja mwenyewe akamwambia wimbi lilimshinda kwa uzembe wake. Meneja alitaka aendelee mkono ukipona. Mwinyi akakataa kushika usukani. Alibaki akisugua boti na kupaka rangi hadi mwisho wa kaskazi, kisha akarudi kwao Msambweni. Safari moja tulimchukua ndani ya mwamba kwenda kufungua nanga iliyonasa. Alikaa katikati ya boti, ameshika ubao kwa mikono miwili, kama mgeni wa bara anayeiona bahari mara ya kwanza. Baadaye nilisikia kwamba binti yake aliolewa kisiwani Funzi, na baba hakwenda harusini kwa sababu ya maji ya kuvuka. Nafasi yake nilipewa mimi. Hilo sitalieleza zaidi.

Mtaniuliza kama ilikuwa pini. Sijui. Mwaka uliofuata, kusi liliporudi, nilitia magunia mawili ya mchanga mahali pa wageni, pini tundu la kwanza, nikapita mlango ule peke yangu mawimbi yakiwa nyuma. Omo ilizama mara mbili, ikainuka mara mbili. Siku nyingine nikaitia kati, magunia yale yale. Ilizama mara moja, vibaya zaidi, nikadhani nimekwisha. Nikaandika yote daftarini na hayakunifundisha kitu. Huenda pini ilikuwa tundu la kwanza, na siku nyingine mkono wa Mwinyi ungeiokoa boti hata hivyo. Huenda ilikuwa kati na wimbi lilikuwa wimbi tu. Lakini kosa langu halikai kwenye tundu. Niliulizwa mara mbili, mlangoni pa msikiti na bandani, na mara zote mbili jibu la kweli lilikuwa sijui, nami nikatoa jibu la mtu anayejua.

Siku zangu za mwisho pale mlinicheka kwamba naizunguka boti kila mara kabla ya kupanda, naiinua mashine, naitazama, hata ile mpya yenye kitufe na kisaa cha kuonesha mguu uko wapi. Sasa mnajua. Kisaa hicho chaweza kukwama. Aliyekuachia boti akikuambia iko tayari, mshukuru, kisha uiname utazame.

Wiki mbili baada ya kustaafu nilikwenda Msambweni. Mwinyi amekuwa mzee sana, lakini alinitambua kwa sauti kabla sijafika barazani. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba, tukaulizana watoto. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na zile picha mbili.

Akanigeukia.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui."

"Hata leo?"

"Hata leo, Nahodha."

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Miaka yote hii najua ni mkono wangu, nikazoea. Sasa umeniletea kutojua." Akavisugua vile vidole viwili vilivyopinda. "Kila boti niliyoipokea kwa mtu, niliinama nikatazama pini. Kila boti, hata ya nahodha mkubwa. Yako siku ile sikuinama. Uliniambia i tayari."

Niliomba radhi, na maneno yenyewe yalikuwa madogo. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama nitalala. Nikasema nitalala akiniruhusu.

"Basi kesho unipeleke Funzi," akasema. "Nina wajukuu kule, sijaiona nyumba yao."

Asubuhi tulikwenda Bodo, kwenye boti za kuvukia. Kijana mwenye boti alitaka kumketisha mzee katikati. Mzee akamwambia yeye atakaa nyuma, kando ya mashine. Kabla ya kukaa aliinama, taratibu sana, akashika chuma cha mashine kwa mkono ule mbovu, akatazama. Ilikuwa mashine ya pini. Sikumwuliza ameona tundu la ngapi.

Tulipotoka kwenye mikoko upepo ulikuwa usoni, viwimbi vifupi, na omo ikaanza kupiga. Mwinyi alikuwa amefumba macho nusu. Kijana aliongeza mwendo, boti ikazidi kupiga. Kisha nikasikia sauti ya Mwinyi nyuma yangu, kavu kama zamani.

"Salimu. Pomboo, kule mbele."

Hapakuwa na pomboo. Niliinuka nikaenda kukaa omo, na boti ikatulia.